Wote hawakuchagua, au si wote waliochagua?

Hebu tuanze na sentensi ya aina ambayo msomaji ameshaisikia mara nyingi, redioni, kwenye basi, na hata katika kazi zetu za darasani: "Teritwari zote za Kivu ya Kaskazini hazikuchagua wabunge mwaka 2023." Je, ni kweli au si kweli?

Kabla ya kujibu, tuweke mezani yale tunayoyajua. Ukiacha miji yake, jimbo la Kivu ya Kaskazini lina teritwari sita (teritwari ni kile ambacho jirani zetu wa Tanzania wangekiita wilaya): Beni, Lubero, Masisi, Nyiragongo, Rutshuru na Walikale. Siku ya kupiga kura ilikuwa tarehe 20 Desemba 2023. Kwa sababu ya vita, Masisi na Rutshuru hazikuchagua wabunge. Walikale, ambayo inapakana na Masisi upande wa magharibi, ilichagua. Beni, Lubero na Nyiragongo vilevile. Nne zilichagua, mbili hazikuchagua. Hesabu ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa vidole vya mkono na kimoja cha kuazima.

Sasa rudi kwenye sentensi. Mtu wa kwanza atasema ni uongo mtupu: mbona Walikale walichagua? Wa pili atasema ni kweli kabisa: zote hazikuchagua, zilichagua baadhi tu. Watu hawa wawili wanakubaliana juu ya kila jambo lililotokea. Wanachogombania ni mahali pa kuuweka ukanushi. Na kwa mtu wa Masisi huo si ugomvi wa kupitishia muda. Akisomeka kwa namna ya kwanza, msemaji amefuta jambo lenyewe linalomuuma mtu huyo, yaani kwamba jirani yake ng'ambo ya mpaka alipata mbunge, na yeye hakupata.

Nataka kueleza hapa kwa nini Kiswahili kinaturuhusu kusema sentensi yenye nyuso mbili kiasi hiki, na ni kwa njia gani lugha yenyewe, bila kuazima alama za wanahisabati, inatupa nafasi ya kuchagua uso mmoja.

Kwanza mantiki yenyewe. Wengi wetu tulipofika chuoni tulidhani kukanusha ni kusema kinyume cha jambo kwa nguvu zote. Mwalimu akisema "wote", sisi tunajibu "hakuna". Lakini mtu anayekanusha halazimiki kwenda mbali hivyo. Kukanusha kauli ni kusema kile tu kinachotosha kuifanya isiwe kweli, wala si zaidi. Kauli "teritwari zote sita zilichagua" inaangushwa na nini? Inaangushwa na Masisi peke yake. Hata kama Rutshuru ingechagua, Masisi ingetosha. Kwa hiyo ukanushi wa "zote zilichagua" ni "ipo angalau moja ambayo haikuchagua", au kwa maneno mengine, "si zote zilizochagua". "Hakuna iliyochagua" ni kauli nyingine kabisa, nzito zaidi, na katika mfano wetu ni ya uongo.

Mimi huwa natumia njia ya shahidi. Ukipewa kauli, jiulize: nikitaka kumshinda msemaji huyu, nimlete shahidi gani? Dhidi ya "wote", shahidi mmoja anatosha, yule aliyekosekana. Dhidi ya "hakuna", shahidi mmoja pia anatosha, yule aliyekuwepo. Lakini dhidi ya "baadhi", shahidi mmoja hafai kitu. Hapo unalazimika kupita kwa kila mmoja na kuonyesha kwamba hakuna hata mmoja. Ukanushi wa "baadhi ya teritwari zilichagua" ndio hasa "hakuna teritwari iliyochagua". Kwa hiyo kuna jozi mbili za kukumbuka: "wote" hukanushwa kwa "si wote", na "baadhi" hukanushwa kwa "hakuna".

Jambo hili si jipya. Aristotle alilieleza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipotofautisha kauli zinazopingana kabisa, ambazo lazima moja iwe kweli na nyingine uongo, na kauli zinazokwenda mbali mno kutoka kwa nyingine hata zikaweza kuwa za uongo zote mbili. "Zote zilichagua" na "hakuna iliyochagua" ni za aina hii ya pili. Mwaka 2023 zote mbili zilikuwa uongo kuhusu Kivu ya Kaskazini. Ndiyo maana mtu akikuambia "si kweli kwamba zote zilichagua", hujapewa ruhusa ya kuhitimisha kwamba hakuna iliyochagua.

Mpaka hapa mtu wa idara ya hisabati anafunga daftari na kwenda zake. Sisi wa lugha ndipo tunapoanza.

Mwanaisimu Laurence Horn, ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ukanushi, alionyesha jambo la ajabu: lugha nyingi zina neno moja la kusema "wote", neno moja la kusema "baadhi", na aghalabu neno moja la kusema "hakuna mtu", lakini ile pembe ya nne, "si wote", haipati neno lake moja. Daima huundwa kwa maneno mawili au zaidi. Kiswahili kinamkubalia Horn, na kinakwenda hatua moja mbele. Sisi hata ile pembe ya "hakuna mtu" hatuna nomino wala kivumishi chake. Mfaransa ana "personne" na "aucun". Mswahili ana kitenzi. "Hakuna" ni kitenzi cha kuwa na kitu, chenye kiambishi cha mahali na cha ukanushi mbele yake, na kinahitaji msaada wa kirejeshi ili kikamilike: hakuna *aliyekuja*, hakuna *iliyochagua*. Ukanushi wa Kiswahili una makao yake katika kitenzi. Maneno ya kiasi, "-ote", "baadhi", "wengi", "kila", yanakaa upande wa nomino na hayana ukanushi ndani yake. Kwa hiyo kila tunapotaka kukanusha kiasi, tunalazimika kuuambia ukanushi ulioko kwenye kitenzi ufike mpaka kwenye nomino, au usifike. Umbali huo ambao ukanushi unafika, wanaisimu huuita mawanda.

Sasa sikiliza jozi hizi kwa sikio lako, usizisome kwa macho tu.

"Wengi hawakurudi." "Hawakurudi wengi."

Maneno ni yaleyale mawili. Lakini ya kwanza inasema kuna watu wengi ambao wamebaki walikokimbilia. Ya pili inasema waliorudi si wengi. Tuchukue kijiji cha kubuni milimani Masisi, kilichokuwa na kaya 1,000 kabla ya kukimbia, na kaya 450 zimerudi. "Wengi hawakurudi" ni kweli, kwani kaya 550 ziko kambini. "Hawakurudi wengi" mtu anaweza kuibisha: kaya 450 nazo ni nyingi, umewahi kuzihesabu? Jozi hii inatuonyesha kanuni yenyewe. Neno la kiasi likitangulia kitenzi hasi, mara nyingi linatoroka mawanda ya ukanushi. Likifuata kitenzi hasi, mara nyingi linanaswa ndani yake.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini "hakuja mtu" maana yake ni kwamba nyumba ilikuwa tupu, lakini "mtu mmoja hakuja" maana yake ni kwamba tulikuwa tukimngoja mmoja. Inaeleza pia kwa nini masikioni mwangu "hawakuja wote" inaelekea "si wote waliokuja", huku "wote hawakuja" inaelekea "hakuna aliyekuja". Nasema inaelekea. Sentensi ya pili hasa ni ya hatari, kwa sababu sauti inaweza kuigeuza. Ukiliinua neno "wote" na kulishusha kitenzi, kama mtu anayemsahihisha mwenzake, "WOTE hawakuja, wamekuja wachache", umeurudisha ukanushi kwenye "wote". Katika maandishi sauti hiyo haipo. Karatasi haina shingo ya kuinua.

Kwetu mashariki mwa Kongo kuna sababu nyingine ya kuchanganya, nayo ni shule. Sisi tuliosomea huku tunaongea lugha ya nyumbani nyumbani, Kiswahili sokoni, na mantiki tunafundishwa kwa Kifaransa. Kifaransa nacho kina sentensi yake yenye nyuso mbili: "Tous les élèves ne sont pas venus." Kwa neno kwa neno ni "wanafunzi wote hawakuja", lakini katika matumizi ya kawaida Mfaransa anakusudia "si wote waliokuja". Mwanafunzi anayejifunza kukanusha kwa sentensi hiyo, kisha akaihamisha kwenda Kiswahili kipande kwa kipande, anapata "wanafunzi wote hawakuja", sentensi ambayo shangazi yake aliyekaa mlangoni anaisikia kwa maana ya "darasa lilikuwa tupu". Umbo limevuka mpaka, maana imebaki ng'ambo. Nadhani sehemu kubwa ya mikanganyiko tunayoiona katika taarifa na tafsiri za huku inatoka hapo, si katika upungufu wa akili ya mtu yeyote.

Kiswahili cha Kivu, kile cha mtaani, kina dawa yake: "ata moya". Mtu akisema "bote habakukuya" unaweza kumuuliza anakusudia nini, lakini akisema "ata moya hakukuya" hakuna la kuuliza. Kiswahili sanifu kina "hata mmoja" kwa kazi hiyohiyo. "Hata" huenda mpaka chini kabisa ya ngazi, kwenye kiasi kidogo kuliko vyote, na kukifuta hicho. Ukifuta mmoja, umewafuta wote. Kwa upande wa pili, dawa ya "si wote" ni kuutoa ukanushi kwenye kitenzi na kuubandika moja kwa moja kwenye neno la kiasi: "si wote waliokuja", "si kila kaya iliyopata". Tazama kwamba kitenzi sasa ni chanya na kimevaa kirejeshi. Ukanushi umehama nyumba. Kwa "kila" njia hii ndiyo pekee inayonipendeza, kwani "kila kaya haikupata" inanikwaruza sikio, na "haikupata kila kaya" hata sijui ingekuwa Kiswahili cha nani.

Wahenga wetu walilijua hili bila kupitia kwa Aristotle. "Hakuna masika yasiyo na mbu" ni kauli ya "wote" iliyovaa nguo za ukanushi mara mbili: kila masika yana mbu. Ukitaka kuikanusha, lete masika mamoja yasiyo na mbu. Vivyo hivyo "hakuna marefu yasiyo na ncha". Lakini wanaposema "si vyote ving'aavyo ni dhahabu", ukanushi umewekwa palepale kwenye "vyote", maana hakuna mzee aliyetaka kusema kwamba hata dhahabu yenyewe si dhahabu.

Tuje kwenye dhahabu yenyewe, au tuseme kwenye koltani, kwa kuwa ndiko kauli hizi zinakopimwa kwa mizani. Rubaya, katika Masisi, inajulikana duniani kwa koltani. Bisie, katika msitu wa Walikale, inajulikana kwa kasiteriti, yaani jiwe la bati. Tangu mwaka 2012 machimbo ya wachimbaji wadogo katika nchi yetu hukaguliwa na kupewa rangi: kijani, manjano au nyekundu. Kwa maneno machache, kijani maana yake ni kwamba hakuna kikundi chenye silaha kinachoyashika machimbo, na hakuna mtoto anayefanya kazi humo, pamoja na masharti mengine ya namna hiyo. Angalia umbo la sharti. Ni "hakuna", si "si wote". Mkaguzi akiandika kwa haraka, "watoto wote hawafanyi kazi machimboni", ameandika sentensi ambayo inaweza kusomwa kuwa machimbo ni safi, na inaweza kusomwa kuwa baadhi ya watoto wamo mashimoni. Rangi mbili tofauti kabisa ndani ya mstari mmoja wa karatasi.

Na kauli ya "hakuna" ina bei yake. Kuivunja ni rahisi: mtoto mmoja anatosha. Kuithibitisha ni kazi ya kupita kila shimo. Ndiyo sababu "wakaguzi hawakukuta mtoto" haiwezi kuwekwa mahali pa "hakuna mtoto". Ya kwanza inahusu macho ya wakaguzi siku ile waliyopita. Ya pili inahusu machimbo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile inayoitwa Dodd-Frank, iliyataka makampuni yanayotumia bati, koltani, wolframu na dhahabu yachunguze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake na kama yamewanufaisha wenye silaha. Kampuni inayotaka kusema "hakuna" lazima ifuate kila mfuko mpaka shimoni. Kwa nini wengine waliamua kutonunua kabisa huku? Sababu ni nyingi, lakini moja naiona katika mantiki: ni nafuu kusema "hatununui huko" kuliko kuithibitisha "hakuna" juu ya kila mfuko. Aliyelipa tofauti hiyo ni mchimbaji ambaye mfuko wake ulikuwa safi.

Nimesema sana juu ya maneno ya kiasi. Lakini kuna sentensi ambazo hazina "wote" wala "baadhi", na hata hivyo kiasi kimejificha ndani yake. Hizi ndizo zinazonikosesha usingizi zaidi kama mwanafunzi wa semantiki.

Mwezi Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Walikale-kati, makao makuu ya teritwari, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Siku zile habari ilizunguka kwa maneno mawili: "Walikale imeanguka." Walikale ipi? Teritwari ya Walikale ndiyo kubwa kuliko zote katika jimbo, kilomita za mraba zipatazo 23,000, msitu juu ya msitu, huku Masisi haifiki 5,000. Mji wa makao makuu ni nukta katika ramani hiyo. Lakini jina ni moja, na msikilizaji aliye mbali hujaza mwenyewe neno "yote". Basi jaribu kuikanusha kauli hiyo: "Walikale haijaanguka." Je, umesema kwamba hakuna sehemu iliyoanguka, au kwamba haijaanguka yote?

Hapa mantiki ya darasani inakwama, na inafaa kukiri kwamba inakwama. Chukua sentensi nyepesi zaidi: "Watoto wamekula." Kama wamekula wote, ni kweli. "Watoto hawajala." Kama hakuna aliyekula, ni kweli. Na kama nusu wamekula na nusu bado? Kwa kanuni ya Aristotle mojawapo ya sentensi hizo lazima iwe kweli, kwa kuwa moja ni ukanushi wa nyingine. Lakini muulize mama yeyote. Atakataa zote mbili. Atasema, "Wengine wamekula, wengine bado." Nomino ya wingi isiyo na neno la kiasi inachukuliwa kama mzigo mmoja: au wote au hakuna. Ikigawanyika katikati, sentensi haiwi kweli na haiwi uongo. Inakuwa haifai kusemwa. Ukitia "wote" ndani yake pengo hilo linazibika. "Watoto wote wamekula" ni uongo waziwazi ikiwa nusu bado, na sasa ukanushi wake, "si wote waliokula", unasimama vizuri. Kwa hiyo neno la kiasi halifanyi kazi ya kuhesabu tu. Linailazimisha kauli iwe na ndiyo au hapana.

Ndipo unapoona kwa nini "watu wa Masisi wamekimbia" na "watu wa Masisi hawajakimbia" zinaweza kusemwa siku moja, na watu wawili wakweli, mmoja yuko barabarani Sake na mwingine mlimani na ng'ombe wake, na hakuna anayedanganya. Hakuna hata mmoja aliyesema kiasi.

Kuna kisa kingine ambapo mantiki na sikio hutengana, na huyu mwenzangu wa hisabati hukipenda kupita kiasi. Sikiliza: "Wabunge wote waliochaguliwa Masisi tarehe 20 Desemba 2023 ni wanawake." Kweli au uongo? Kwa sheria ya mantiki, ni kweli. Ili kuiangusha unahitaji shahidi: mbunge aliyechaguliwa Masisi siku hiyo ambaye si mwanamke. Shahidi huyo hayupo, kwa kuwa hakuna mbunge yeyote aliyechaguliwa Masisi siku hiyo. Kwa sababu hiyohiyo ni kweli pia kwamba wote ni wanaume, na kwamba wote wana mabawa. Mwenzangu anacheka. Mtu wa Masisi hacheki, naye ana haki kwa upande wa lugha pia: Mswahili anaposema "wote" anachukulia kwamba wapo. Anayesema "wanangu wote wamesoma" huku hana mtoto hajasema uongo kwa mwanamantiki, lakini kijijini atapewa jina. Ukitaka kumjibu msemaji wa namna hiyo, usimkanushe kwa "si wote". Ukisema "si wote ni wanawake", umekubali bila kujua kwamba walichaguliwa. Jibu ni kuigusa ile dhana iliyo chini: "Masisi hakuchaguliwa mtu."

Limebaki suala la maneno ya kiasi yanapopandana, moja juu ya jingine. "Kila mlango na ufunguo wake": milango mingi, funguo nyingi. Geuza mpangilio, "kuna ufunguo mmoja wa kila mlango", na umepata mwizi. Tuchukue kauli ambayo mtu wa misaada anaweza kuiandika baada ya kugawa maturubai: "Katika kila kambi kuna kaya ambayo haikupata turubai hata moja." Unataka kuikanusha. Usiishike yote kwa mkupuo. Ipite kutoka kushoto kwenda kulia, na kila unapokuta neno la kiasi, ligeuze, ukiusukuma ukanushi mbele.

"Si kweli kwamba katika kila kambi..." Dhidi ya "kila", shahidi mmoja: ipo kambi. Kambi ya namna gani? Ambamo si kweli kwamba kuna kaya iliyokosa. Dhidi ya "kuna", tunahitaji kupita kwa zote: ambamo kila kaya... Kila kaya nini? Si kweli kwamba haikupata hata moja, yaani ilipata angalau moja. Basi ukanushi ni huu: "Ipo kambi ambamo kila kaya ilipata angalau turubai moja." Si kwamba kaya zote katika kambi zote zilipata. Si kwamba kila kaya ilipata ya kutosha. Kambi moja tu inatosha, mradi humo isikosekane kaya hata moja.

Sasa linganisha na taarifa yenye maneno sita, "kaya zote katika kambi hazikupata maturubai". Kambi ngapi? Kaya zote, au si zote? Mtu anayeisoma akiwa ofisini mbali, akaielewa kwa uso wa "hakuna", atatuma lori zima. Akiielewa kwa uso wa "si wote", ataomba kwanza orodha ya waliokosa, na orodha huchukua muda. Mvua ya Masisi haingoji orodha. Kwa hiyo mwandishi wa taarifa hiyo afanye kama shangazi mlangoni angefanya, achague mojawapo: "hakuna kaya iliyopata", au "kaya 40 kati ya 300 hazikupata, nazo ni hizi". Hiyo ya pili, ukiitazama vizuri, haina hata haja ya "si wote". Imewaleta mashahidi wenyewe.